Rufani ya Feni, Hati ya Kiapo na Mwaka Mmoja

Mwaka jana mama mmoja anayenunua sangara na sato pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza, aliniita kwa sababu ya feni iliyokuwa ikilia. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inasukuma hewa kwenye chumba chake cha baridi kama kawaida na samaki walikuwa wanaganda, lakini ilitoa mlio mwembamba unaokera, ambao wauza dagaa wa banda la jirani waliulalamikia tangu asubuhi hadi jioni. Mafundi wawili walikuwa wamenitangulia. Wa kwanza alibadilisha beringi, wa pili akabadilisha beringi za wa kwanza, na kila mmoja aliondoka na hela yake, mlio ukabaki palepale. Mimi niliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye gamba la mota, nikabana mpini wake sikioni, kisha nikamwambia kijana wangu akate umeme. Mlio ulikatika papo hapo, ilhali mapanga ya feni yaliendelea kuzunguka kimya kwa sekunde kadhaa kabla ya kusimama. Beringi mbovu hainyamazi namna hiyo, bali hulalamika mpaka mzunguko wa mwisho. Kinachonyamaza pamoja na umeme ni umeme wenyewe, au tuseme ni saa ambayo umeme unafikishwa kwenye koili, yaani nyaya zilizoviringwa ndani ya mota.

Kutokana na feni hiyo nilijikuta, wiki chache baadaye, nimekaa karakanani kwangu Igoma usiku nikisoma hukumu ya mahakama moja ya rufani ya Marekani iliyotolewa Agosti 2017, kati ya kampuni ya Nidec Motor na kampuni ya Broad Ocean ya Zhongshan, China. Ugomvi wao ulihusu feni za mifumo ya kupasha na kupoza hewa majumbani, na hasa namna ya kuziendesha zisipige kelele. Nimeisoma mara kadhaa tangu wakati huo. Ninaiandikia leo kwa sababu ndani yake kuna saa mbili zinazopishana, saa ya mota ambayo huhesabiwa kwa mikrosekunde na saa ya sheria ambayo huhesabiwa kwa miezi, na kwa kuwa naona wengi waliowahi kuizungumzia hushika moja na kuiacha nyingine.

Nianze na ya mota. Feni ya yule mama inaendeshwa na mota isiyo na brashi. Katikati yake kuna rota, yaani sehemu inayozunguka, iliyobandikwa sumaku za kudumu, na kandokando kuna koili zilizopangwa katika makundi matatu. Hakuna kitu kinachogusa rota kuigawia umeme. Kazi ya kuamua ni kundi lipi la koili lipewe umeme, na lini, inafanywa na saketi ya kudhibiti. Njia rahisi na ya siku nyingi ni kugawa kila mzunguko wa umeme katika hatua sita, ambapo vihisi vidogo huiambia saketi kwamba sumaku imefika mahali fulani, nayo inazima kundi moja na kuwasha jingine ghafla, kama mtu anayezima na kuwasha taa. Mota itazunguka vizuri tu. Lakini kila badiliko hilo la ghafla linaipa rota mshtuko mdogo.

Tufanye hesabu, maana ndiyo iliyonionyesha adui yuko wapi. Mota ya yule mama ina jozi 6 za sumaku. Ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, umeme wake unakamilisha mizunguko 100 kwa sekunde, na kila mzunguko una hatua 6, kwa hiyo rota inapigwa vijikofi 600 kila sekunde. Mitetemo 600 kwa sekunde ni sauti ambayo sikio la binadamu linaisikia vizuri kabisa, na chumba cha mabati kinaipokea na kuikuza kama ngoma. Ndiyo maana mlio ulipanda feni ilipoongezwa kasi na kushuka ilipopunguzwa. Kuna tatizo la pili juu ya hilo. Mzunguko mmoja wa umeme hapo unachukua milisekunde 10, kwa hiyo kihisi kikiwa kimebandikwa kando kidogo, kwa nyuzi 5 tu kati ya 360 za mzunguko huo, kila badiliko litawahi au litachelewa kwa mikrosekunde 139 hivi. Hakuna jicho linaloweza kuona kuchelewa huko, na bisibisi sikioni inakusikilizisha bila shida.

Njia ya pili ni kuacha kuwasha na kuzima kwa ghafla, na badala yake kuuongeza na kuupunguza umeme wa kila kundi polepole kwa umbo la wimbi, kiasi kwamba kundi moja linapopungua jingine linaongezeka na rota haisikii mpaka kati yao. Ili kufanya hivyo lazima saketi ijue wakati wote rota iko wapi, si mara sita tu kwa mzunguko. Hapa ndipo wataalamu wanapozungumzia mkondo wa d na mkondo wa q, maneno yanayowatisha vijana wengi wa ufundi bila sababu ya maana. Fikiria pedeli ya baiskeli. Usukuma wote unajua baiskeli. Mguu unaosukuma pedeli kwa pembe mraba na mkono wake ndio unaozungusha mnyororo, na hiyo ndiyo q. Mguu unaosukuma kufuata urefu wa mkono wa pedeli, kuelekea kwenye ekseli, unachosha paja na kupinda chuma bila kukusogeza hata hatua, na hiyo ndiyo d. Mtu aliyesimama barabarani anaona mguu ukipanda na kushuka, mara mbele mara nyuma, lakini kama ungeweza kukaa juu ya mkono wa pedeli ukazunguka nao, ungeona nguvu mbili tu zilizotulia. Hesabu ya kukaa juu ya kinachozunguka iliandikwa na Robert Park mwaka 1929 kwa ajili ya jenereta kubwa, na miaka ya 1960 ilipokuwa ikiisha na ya 1970 ikianza, Wajerumani Hasse na Blaschke waliigeuza kuwa mbinu ya kudhibiti mota. Kwa mota ya sumaku za kudumu d si adui wakati wote, kwani ukiitumia kwa makusudi inadhoofisha nguvu ya sumaku na kuiruhusu mota iende kasi zaidi. Kwa hiyo saketi nzuri inapanga d na q kila moja kwa thamani yake yenyewe.

Nilibadilisha saketi ya feni nikaweka inayotumia wimbi. Mlio ulipungua sana, lakini haukwisha. Mitetemo ilikuwa ileile 600 kwa sekunde, hafifu kama mbu aliye nje ya chandarua. Ilinichukua nusu siku kuelewa. Saketi hiyo huwasha na kuzima transista zake, yaani swichi zake za kielektroniki, mara 20,000 kwa sekunde, yaani mara moja kila mikrosekunde 50, na transista ya juu na ya chini zinazohudumia kundi moja la koili hazitakiwi kuwaka pamoja hata kwa kupepesa, kwa sababu hapo ni shoti na moshi. Kwa hiyo huwekewa mwanya wa mikrosekunde 2 hivi ambapo zote mbili zimezimwa. Mwanya huo mdogo, ukirudiwa mara 20,000, unalibonyeza wimbi la umeme pale mkondo unapogeuka mwelekeo, na kwa kuwa makundi ni matatu na kila moja linageuka mara mbili, unarudi tena kwenye vijikofi sita kwa mzunguko. Ndani ya programu ya saketi kulikuwa na sehemu ya kufidia mwanya huo, na aliyeitengeneza alikuwa ameiacha imefungwa. Nikaifungua. Wauza dagaa wakaja kuchungulia kama feni imekufa.

Kijana wangu, ambaye hupenda kuuliza baada ya kazi na si kabla, aliuliza wakati tunafungasha vifaa: "Bosi, hii ya wimbi ni ya nani? Si tunaweza kushtakiwa?" Nilimjibu jibu la haraka, ambalo ni kweli, kwamba hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake, ni haki ya nchi iliyoitoa, na hataza ya Marekani haina nguvu Kirumba kama ambavyo leseni ya udereva ya kule haimpi mtu namba ya bajaji hapa. Anayetaka kulinda uvumbuzi wake Tanzania Bara anaomba BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, au anapitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu lililoko Harare, akiitaja Tanzania katika maombi yake. Lakini swali la "ni ya nani" liliniganda, nikalitafuta, na nikakuta kumbe kulikuwa na mtu aliyewahi kusema kwamba ni yake.

Hataza yenyewe ni namba 7,626,349, iliyotolewa Desemba 2009. Ukiipekua, moyo wa dai lake la kwanza (dai ni kifungu kinachotaja uvumbuzi unaolindwa) ni mfumo wa hewa wenye kidhibiti cha mfumo, kidhibiti cha mota, mota ya sumaku za kudumu na chombo cha kusukuma hewa, ambapo kidhibiti cha mota kinabadilisha umeme kwa umbo la wimbi, kikitumia thamani zinazojitegemea za mkondo wa q na wa d, ili kutoa mikondo isiyokatika katika koili. Ukiondoa maneno ya wanasheria, ni feni ya yule mama baada ya mimi kuondoka. Nidec waliishtaki Broad Ocean mahakamani Marekani, na hati ya mashtaka ikawafikia Septemba 2013. Shika mwezi huo.

Marekani, tangu mageuzi ya sheria ya mwaka 2011, mtu anayeshtakiwa kwa kukiuka hataza anaweza kwenda kwenye bodi iliyo ndani ya ofisi ya hataza yenyewe na kuiomba ipitie upya kama hataza ile ilistahili kutolewa. Ila sheria imemwekea kikomo: ombi lake lisiwasilishwe baada ya mwaka mmoja kupita tangu alipopokea hati ya mashtaka. Broad Ocean waliwasilisha lao Julai 2014, ndani ya muda. Walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba ukichukua hataza ya Bessler ya mwaka 1995, iliyohusu mfumo wa hewa wenye mota ya mwendo unaobadilika, ukaiunganisha na tasnifu ya Kocybik ya Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, ya mwaka 2000, iliyohusu kupunguza mitikisiko ya mota zisizo na brashi, unapata kila kilichodaiwa, na fundi yeyote mwenye ujuzi wa kawaida angeona muungano huo ni jambo la dhahiri. Ya pili ni kwamba kuna hati ya Kijapani, iitwayo Hideji, ambayo peke yake ilikuwa imeshaeleza yote.

Bodi ilikubali kusikiliza hoja ya kwanza na ikaikataa ya pili, na sababu haikuwa mota. Hati ya Kijapani ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiingereza, lakini tafsiri haikuambatanishwa na hati ya kiapo inayothibitisha kwamba ni sahihi. Karatasi moja. Nilicheka peke yangu niliposoma hapo, kwa sababu Nidec yenyewe mizizi yake iko Kyoto, na hataza yake ilikuwa imeponea, kwa muda huo, kwenye maandishi ya Kijapani ambayo hakuna aliyeapa kwamba yamefasiriwa sawasawa.

Sisi tuliokulia karibu na mahakama za huku hatuoni jambo hilo kuwa dogo. Tangu 2021 sheria yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini kwa miongo mingi kabla ya hapo mzee wa kijijini aliweza kushindwa kesi kwa lugha ambayo hakuielewa, akarudi nyumbani kuuliza watoto wa shule maana yake. Na suala la muda ndilo baya zaidi. Baba yangu mdogo alikata rufani ya shauri la mirathi lililoamuliwa na mahakama ya mwanzo. Sheria ilimpa siku 30. Alisubiri nakala ya hukumu, akaenda kuiulizia kila Jumatatu kwa baiskeli, na alipoipata akaandika sababu zake vizuri na kuzipeleka siku ya 41. Rufani ikatupwa kwa kuwa nje ya muda, kabla hakimu hajafungua ukurasa wa sababu hizo. Kilichomuuma baadaye ni kuambiwa kwamba kwa rufani inayotoka mahakama ya mwanzo hakuhitaji kuambatanisha nakala hiyo hata kidogo, na kwamba angeweza kuiandika siku ya pili yake kwa kichwa chake tu. Hoja zake mpaka leo hazijawahi kusikilizwa na mtu yeyote isipokuwa sisi ndugu zake, ambao tunazisikiliza kila sikukuu.

Broad Ocean walifanya ambacho baba mdogo hakuwa na wakili wa kumwambia. Februari 2015 waliwasilisha ombi la pili lenye hoja ileile ya Hideji, safari hii likiwa na hati ya kiapo, na pamoja nalo wakaomba kwamba liunganishwe na shauri lao la kwanza ambalo lilikuwa linaendelea. Ujanja ulikuwa kwenye kuunganishwa. Kwa tarehe peke yake ombi la pili lilikuwa limechelewa kwa miezi mitano hivi, lakini sheria inasema kikomo cha mwaka mmoja hakihusu maombi ya kujiunga. Basi swali likawa kama fumbo la watoto: kifungu kinamruhusu mkuu wa ofisi kumuunganisha mtu awe mhusika katika shauri lililokwisha kufunguliwa, je, mtu ambaye tayari ni mhusika wa shauri hilo anaweza kujiunga na nafsi yake, na kwa kujiunga huko akaingiza hoja ambayo muda wake umekwisha?

Jopo la waamuzi watatu la bodi lilisema hapana, wawili kwa mmoja. Broad Ocean wakaomba marejeo. Kilichofuata ndicho kinachonikera zaidi katika kesi yote, na ninakiri kwamba nilikuwa upande wao mpaka hapo. Jopo liliongezwa waamuzi wawili likawa la watu watano, hao wawili wapya wakaungana na yule mmoja aliyekuwa amepinga, na uamuzi ukageuka kwa kura tatu kwa mbili. Wale wawili wa awali hawakubadilisha mawazo yao. Walizidiwa idadi tu. Ofisi ilieleza kwamba huongeza waamuzi ili maamuzi yake yalingane kutoka jopo moja hadi jingine, na sikatai kwamba kulingana ni jambo jema, lakini sijawahi kuona mechi Kirumba ambapo refa anaongezwa dakika ya 80 ili bao likubaliwe, kisha timu iliyofungwa ikaambiwa kwamba ni kwa ajili ya kulinganisha kanuni. Kama kanuni ilihitaji kulinganishwa, ingetangazwa kwanza, na wa awali watatu wakaachiwa kuifuata.

Mwishowe bodi iliifuta hataza katika madai yaliyobishaniwa kwa sababu zote mbili: ilikuwa imeshaelezwa na Hideji, na ilikuwa dhahiri kutokana na Bessler na Kocybik. Nidec wakakata rufani.

Mahakama ya rufani ilifanya jambo ambalo hakimu yeyote mwenye mafaili mengi mezani atalielewa. Iliangalia sababu mbili, ikaona moja inatosha, ikaacha nyingine. Kama hataza inaanguka kwa Bessler na Kocybik, hoja iliyokuwa ndani ya ombi la kwanza lililowahi, basi hakuna haja ya kujua kama Hideji aliingia kwa mlango halali au kwa dirisha. Nidec walijitetea kwamba Bessler alikuwa anatafuta urahisi, mfumo wenye vipande vichache, na kwamba fundi anayefuata njia yake asingebebesha feni hiyo hesabu nzito za wimbi na za d na q. Mahakama haikukubali. Kupenda urahisi si sawa na kumkataza mtu asichukue njia nyingine yenye faida zake.

Kwa fundi kama mimi, hapo mahakama ilikuwa sahihi, na nasema hivyo nikiwa sijasahau jinsi waamuzi walivyoongezwa. Tangu siku nilipoanza kazi hii, ukija na mota inayolia, swali la kwanza ni kama inaendeshwa kwa hatua sita, na dawa ya kwanza ni wimbi. Kilichokuwa kinazuia dawa hiyo miaka ya nyuma ni bei ya kichakataji chenye uwezo wa kufanya hesabu hizo mara maelfu kwa sekunde, wala si kwamba hakuna aliyewaza. Bei iliposhuka, kila mtu aliyekuwa na feni ya kelele na tasnifu ya Plymouth mezani angefika hapohapo. Ninapenda sana kwamba kilichoangusha hataza ya kampuni kubwa kilikuwa kazi ya mwanafunzi iliyowekwa maktabani.

Lakini majaji wawili, Dyk na Wallach, waliandika maoni yao ya ziada kuhusu lile ambalo mahakama ililiacha. Walikubaliana na matokeo, kisha wakasema wazi kwamba wana mashaka makubwa na tafsiri ya ofisi inayomruhusu mhusika kujiunga na shauri lake mwenyewe ili kuleta hoja iliyopitwa na wakati, na wakaonyesha wasiwasi pia juu ya kule kuongeza waamuzi. Sehemu hiyo ni fupi. Mimi ndiyo niliyoirudia zaidi kuliko zote, maana ni nadra kumwona jaji akikuandikia kwamba umeshindwa kihalali ila mlango mmoja uliopitishwa ulikuwa na kasoro.

Kuna jambo moja linalofanya kisa hiki kisikae vizuri kwenye hadithi ya mkubwa na mdogo. Machi 2017, miezi mitano kabla, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua shauri jingine la kampuni hizohizo mbili, juu ya hataza nyingine ya udhibiti wa mota za sumaku, namba 7,208,895, na Nidec walishinda. Huko bodi ilikuwa imesema kwamba dai moja lilikuwa limekwisha kuelezwa katika hati ya zamani iitwayo Kusaka. Kusaka haikuwa imeeleza kila kipengele cha dai hilo, lakini bodi iliona kwamba mtu mwenye ujuzi akisoma angekiwaza mara moja kile kilichokosekana. Mahakama ikasema hiyo haitoshi. Ukitaka kusema hati moja imekwisha kueleza uvumbuzi wote, lazima iwe imeeleza wote, na huruhusiwi kujaza pengo kwa kile ambacho msomaji angekiwaza.

Nilimweleza kijana wangu tofauti hiyo kwa kutumia saketi mbili zilizokuwa mezani. Kama ninadai kwamba saketi hii ni nakala ya ile, lazima nioneshe kila kipande, na kimoja kikikosekana dai langu limekufa hata kama kipande hicho kinauzwa kila duka la Rwagasore. Kama ninadai kwamba fundi wa kawaida angeweza kuitengeneza hii kwa kuunganisha ile na nyingine, hapo ninaruhusiwa kukosa kipande, ila lazima nieleze kwa nini angeviunganisha. Njia ya kwanza ndiyo iliyowaangusha Broad Ocean mwezi Machi, na ya pili ndiyo iliyowapa ushindi mwezi Agosti. Alinisikiliza, kisha akauliza kama kufungua ile fidia ya mwanya kwenye feni ya mama ni uvumbuzi wetu. Nikamwambia hapana. Ilikuwa imo ndani ya programu, imeandikwa na mtu, sisi tulibonyeza tu. Alionekana kuvunjika moyo, lakini aliandika namba za mipangilio yote kwenye daftari la karakana, na tarehe juu yake, jambo ambalo nimekuwa nikimlilia alifanye tangu aanze kazi.

Swali lililoachwa mwaka 2017 lilikuja kujibiwa Machi 2020, na mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Facebook dhidi ya kampuni iitwayo Windy City. Jibu lilikuwa lile ambalo Dyk na Wallach walikuwa wamelielekea: kifungu kile hakimruhusu mtu aliye tayari mhusika kujiunga na nafsi yake, wala hakiruhusu hoja mpya zilizopitwa na muda zibebwe mgongoni mwa shauri lililowahi. Kwa hiyo Hideji, pamoja na hati yake ya kiapo, hakustahili kuingia. Kwa Nidec isingebadilisha chochote, kwani Bessler na Kocybik walikuwa wameingia kwa mlango wa mbele.

Nilimsimulia baba mdogo kesi hii yote alipokuja mjini kwa matibabu na kulala kwangu siku mbili. Mambo ya d na q aliyaruka, akaniambia niyaweke akiba ya vijana. Kwenye waamuzi watano alitikisa kichwa. Nilipomaliza alikaa kimya, akasogeza kikombe chake cha chai, halafu akaniuliza: "Mwanangu, na hao walioshindwa, nakala ya hukumu walipewa baada ya siku ngapi?"

Nikamwambia siku hiyohiyo, baba, iliwekwa kwenye mtandao, hata mimi niliipata bure.

"Siku hiyohiyo," akasema, na akanyanyuka kwenda kulala.